Kila simu na kazi yake: namba za hesabu katika sentrali ya simu ya ofisi

Katika ofisi nyingi za jumuiya zetu, Uvira na kandokando ya ziwa, kuna swali linalorudi kila mwisho wa mwezi: yuniti za simu zimekwenda wapi? Mweka hazina ana risiti za yuniti zilizonunuliwa, na jumla ya fedha anaijua. Asichojua ni kiasi gani kilitumika kwa kazi ya afya, kiasi gani kwa shule, kwa wamama, au kwa utawala. Basi gharama yote inaandikwa kwenye mstari mmoja, "mawasiliano". Mara inalipwa na sadaka, mara inalipwa na mradi wowote wenye fedha mwezi huo. Ndipo maneno yanapoanza, na macho yanaelekea kwa sekretari, kwa sababu yeye ndiye anayekaa karibu na simu.

Njia ya kupata jibu ipo, nayo si mpya. Ofisi yenye sentrali ya simu inaweza kuipa kila kazi namba yake, na kila simu inayotoka ikabeba namba hiyo mpaka kwenye daftari la mtambo. Tunaziita hapa namba za hesabu. Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi, zinavyoingizwa katika mtambo, na mambo ya kuangalia ili kifaa cha kuleta amani kisigeuke kuwa cha kupelelezana.

Sentrali ni nini

Sentrali ni kisanduku kinachounganisha simu zote za ndani ya ofisi na laini chache za nje. Wafanyakazi kumi na wawili hawahitaji laini kumi na mbili. Laini tatu au nne zinawatosha, wakizitumia kwa zamu. Mtambo mdogo kama Panasonic KX-TES824, kwa mfano, unaanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani, na unaweza kupanuliwa mpaka laini 8 na simu 24. Ofisi nyingine hutumia kompyuta ya kawaida yenye programu ya bure iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Mmarekani Mark Spencer. Kompyuta ile inafanya kazi ya sentrali nzima.

Zamani laini za nje zilikuwa nyaya za posta. Kwetu nyaya hizo zilikufa siku nyingi, na kwa miaka mingi misioni na hospitali ziliongea kwa fonia, yaani redio ya masafa marefu, kwa saa zilizopangwa, kila kituo kikisikia maneno ya kituo kingine. Simu za mkononi zilipoenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, mambo yalibadilika. Leo sentrali inaunganishwa na kisanduku kingine chenye kadi za Vodacom, Airtel na Orange. Mtambo unatazama tarakimu za kwanza, kisha unachagua kadi: 081 na 082 zinapita Vodacom, 097 na 099 zinapita Airtel, 084, 085 na 089 zinapita Orange. Hivyo simu inabaki ndani ya mtandao mmoja, na bei inapungua.

Fonia ilikuwa na faida moja tuliyoipoteza. Kwa kuwa wote walisikia, kila mtu alijua saa ya redio imetumika kwa kazi gani. Simu ya mkononi inaongewa kwa siri, na gharama yake nayo ikawa ya siri. Namba ya hesabu inairudisha ile sehemu ya ushuhuda, bila mtu kusikiliza maongezi ya mwenzake.

Namba mbili ambazo watu huzichanganya

Kuna namba ya hesabu, na kuna namba ya siri ya mtu. Ofisi nyingi huzichanganya, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Namba ya hesabu inajibu swali hili: simu hii ni ya kazi gani? Namba ya siri inajibu swali lingine: ni nani anayepiga, na ana ruhusa ya kupiga wapi? Namba ya hesabu si siri. Unaweza kuiandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya simu, na wote wa idara moja wanaitumia. Namba ya siri ni ya mtu mmoja, kama ile ya M-Pesa au Airtel Money, wala hairuhusiwi kuazimwa.

Ofisi ikimpa kila mfanyakazi namba moja tu, mwisho wa mwezi itapata orodha ya watu, haitapata orodha ya kazi. Itajua kwamba muuguzi fulani alipiga dakika 200. Lakini muuguzi huyo anafanya kazi ya chanjo asubuhi na kazi ya lishe mchana, na kila kazi ina mfadhili wake. Orodha ya watu haimsaidii mweka hazina kuandika ripoti hata moja. Inaleta maneno tu, kwa sababu mwenye dakika nyingi anaonekana mwenye kosa, kumbe pengine ndiye aliyefanya kazi kuliko wote.

Anzeni na namba ya hesabu. Namba ya siri iongezwe tu pale ambapo kuna sababu, kwa mfano kwa simu za nchi za nje.

Kabla ya kugusa mtambo

Kazi kubwa inafanyika mezani, kwa kalamu. Mweka hazina, wakuu wa idara na fundi wakae pamoja na bajeti ya mwaka. Kila mstari wa bajeti unaolipa mawasiliano upewe namba. Mstari usiolipa mawasiliano usipewe.

Tarakimu nne zinatosha. Ya kwanza ionyeshe idara: 1 utawala, 2 afya, 3 shule, 4 wamama, 5 maendeleo. Tatu zinazobaki zionyeshe mradi. Kanuni chache zitawaokoa baadaye:

- Msianze namba na 0 wala 9, kwa sababu katika mitambo mingi tarakimu hizo ndizo zinazofungua laini ya nje au kumwita mpokea simu.
- Msiweke 99 ndani ya namba. Katika baadhi ya mitambo, 99 ni alama ya kumaliza namba kwa simu isiyo na kitufe cha #.
- Msizipange zikifuatana, kama 2001, 2002, 2003. Kidole kikiteleza kidogo, simu ya chanjo inaandikwa kwa lishe. Afadhali zitofautiane kwa tarakimu mbili au zaidi: 2114, 2136, 2158. Hapo kosa la kidole linatoa namba isiyokuwepo, na mtambo unaikataa.
- Mradi ukifungwa, namba yake isipewe mradi mwingine mwaka uleule. Mkaguzi wa hesabu atachanganyikiwa.

Orodha ikikamilika, itiwe sahihi na wote waliokaa mezani. Bila makubaliano hayo, hata mtambo wa bei kubwa hautawasaidia.

Kuingiza namba katika mtambo

Kila mtengenezaji ana njia yake, na kitabu cha mtambo ndicho cha kufuata. Katika mitambo midogo ya Panasonic, fundi anatumia simu maalumu yenye kioo iliyounganishwa na sentrali, au kompyuta yenye programu ya mtengenezaji. Katika Asterisk anaandika maagizo kwenye mafaili ya kompyuta. Lakini maamuzi ni yaleyale popote.

Uamuzi wa kwanza: namba iwe ya hiari au ya lazima? Ikiwa ya hiari, mpigaji anaweza kuiacha, na simu itatoka bila namba. Ikiwa ya lazima, mtambo hauachii laini ya nje mpaka namba ipigwe. Ofisi nyingi zinafanya vizuri kuanza na hiari kwa mwezi mmoja, ili watu wazoee, kisha kwenda kwenye lazima.

Uamuzi wa pili: mtambo uikague namba au uipokee tu? Usipoikagua, mtu akipiga 1111 simu inatoka, na daftari linaandika namba isiyo ya mtu yeyote. Ukiikagua, unailinganisha na orodha iliyomo ndani yake, na isiyo kwenye orodha inakataliwa. Tunashauri ikaguliwe.

Uamuzi wa tatu ni madaraja ya ruhusa. Kila simu ya ndani inawekwa katika daraja: hii inapiga ndani ya ofisi tu, ile inapiga Congo yote, nyingine inapiga na nchi za nje. Kwetu Uvira jambo hili lina uzito wa pekee. Bujumbura iko ng'ambo ya ziwa, na usiku taa zake tunaziona. Lakini kwa simu, Bujumbura ni nchi ya nje, namba 257. Bukavu iko mbali kwa barabara ya Kamanyola, lakini kwa simu ni nyumbani, 243. Mtu anayempigia ndugu yake ng'ambo hana mawazo mabaya. Anaona ni jirani tu. Bili ndiyo haioni hivyo. Kwa sababu hii simu za 257, pamoja na 250 za Rwanda na 255 za Tanzania, ziwekwe katika daraja linalodai namba ya hesabu na namba ya siri pia. Na kwa kuwa karibu na mpaka wa Kavimvira simu inaweza kushika mnara wa Burundi, kisanduku cha kadi kifungiwe mitandao ya Congo peke yake.

Uamuzi wa nne: ni simu zipi zisiulizwe namba? Simu za ndani na simu zinazoingia hazihitaji. Na simu za dharura zisizuiliwe kamwe. Mama akipatwa na uchungu mbaya usiku, mlinzi anayempigia dereva wa gari la wagonjwa asianze kutafuta karatasi ya namba gizani. Mitambo mingi inaruhusu kuhifadhi namba ya dereva au ya daktari wa zamu pamoja na namba ya hesabu yake, ikapigwa kwa vitufe viwili au vitatu. Fanyeni hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha kuna mambo madogo yanayosahauliwa. Saa ya mtambo iwekwe sawa, na iangaliwe tena kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, maana daftari lenye tarehe za uongo halimsaidii mtu. Namba ya siri ya fundi, ile iliyotoka kiwandani, ibadilishwe siku ileile. Imechapishwa katika kitabu ambacho kila mtu anaweza kukisoma, na wezi wa simu wanaijua. Betri iwekwe. Na nakala ya mpangilio wote ihifadhiwe katika jengo lingine, mahali pa juu. Waliokuwa karibu na mto Mulongwe mwezi wa 4 mwaka wa 2020 hawahitaji kuelezwa maji yanaweza kufanya nini ndani ya usiku mmoja.

Kusoma daftari na kugawa gharama

Kwa kila simu, mtambo unaandika mstari mmoja: tarehe, saa, simu ya ndani iliyopiga, laini iliyotumika, namba iliyopigwa, muda, na namba ya hesabu. Mistari hiyo inatoka kwa waya kwenda kwenye printa au kompyuta. Kama hakuna kilichounganishwa, mistari inaweza kupotea. Asterisk inaandika mistari yake katika faili la kompyuta, na inaweza kutengeneza faili la pekee kwa kila namba ya hesabu, jambo linalompunguzia mweka hazina kazi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mtambo haujui bei. Sisi tunalipa kabla, kwa yuniti na vifurushi, na bei ya kifurushi haimo ndani ya sentrali. Mtambo unajua dakika tu. Hivyo mgawo tunaufanya wenyewe, laini moja baada ya nyingine.

Tuseme mwezi huu laini moja imetumia dola 60, yaani fedha zote zilizoingizwa, ukitoa salio lililobaki. Daftari linaonyesha dakika 600 kwenye laini hiyo. Basi dakika moja ni senti 10. Afya ilitumia dakika 270, inalipa dola 27. Shule dakika 150, dola 15. Maendeleo dakika 90, dola 9. Utawala dakika 60, dola 6. Zimebaki dakika 30 zisizo na namba, dola 3. Hizo dola 3 zisisukumwe kwa mradi wenye fedha. Utawala uzilipe, na kikao kiulize kwa nini zilitoka bila namba.

Simu za nchi za nje zihesabiwe peke yake, kwa bei yake, zisichanganywe katika wastani huo. La sivyo shule zitalipia maongezi ya Bujumbura.

Pia mjue kosa moja la mitambo. Kwenye laini nyingi sentrali haitambui wakati ambapo mtu wa upande wa pili amepokea. Inaanza kuhesabu mara tu namba ilipopigwa. Kwa hiyo simu isiyopokelewa inaweza kuonekana kama simu ya sekunde 30 au 40. Ofisi iamue, kwa mfano, kutohesabu simu za chini ya sekunde 40, na kanuni hiyo iandikwe na ifuatwe kwa idara zote sawasawa. Asiwepo mtu wa kuitwa mwizi kwa sababu ya simu ambayo haikupokelewa.

Daftari ni siri ya watu

Sasa jambo zito kuliko yote. Daftari la mtambo halionyeshi gharama tu. Linaonyesha nani aliongea na nani, siku gani, saa ngapi. Katika nchi yetu, na katika miaka hii, habari ya namna hiyo inaweza kumuumiza mtu.

Fikirini ofisi ya wamama inayowasaidia waliobakwa. Inapiga simu Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na daktari Denis Mukwege pamoja na jumuiya ya CEPAC. Kisha inampigia mama mmoja huko Sange au Makobola, kumwambia siku ya safari. Daftari likibandikwa ukutani ili wote waone gharama, namba ya yule mama imebandikwa pia. Mtu yeyote anayeijua namba yake ataelewa. Siri aliyoikabidhi kwa kanisa imetolewa na kanisa lenyewe, kwa nia njema ya kuonyesha uwazi.

Basi tufuate kanuni tatu. Kwanza, namba ya hesabu itaje kazi, isimtaje mtu anayesaidiwa. Kusiwe na namba ya pekee kwa mgonjwa au familia. Pili, kinachosomwa katika kikao ni jumla: idara, dakika, fedha. Mistari yenyewe inaonwa na watu wawili tu walioteuliwa, na wanakaa pamoja wanapoisoma. Mitambo mingine inaweza kuficha tarakimu za mwisho za namba iliyopigwa. Tumieni nafasi hiyo kwa simu za ushauri. Tatu, mistari ifutwe baada ya muda uliokubaliwa, ukaguzi wa hesabu ukishamalizika. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni jumla.

Na wafanyakazi waambiwe wazi, tangu siku ya kwanza, mtambo unaandika nini na hauandiki nini. Sentrali iliyopangwa hivi hairekodi sauti. Jambo hilo lisemwe kwa kinywa, lisiachwe watu walibahatishe.

Parokia isiyo na sentrali

Wengi wenu mnaosoma, Luvungi, Kiliba, Mboko au Baraka, hamna sentrali. Mna simu moja ya mchungaji na nyingine ya katibu. Namba za hesabu zinawafaa ninyi pia. Chukueni daftari la shule, pigeni mistari mitano: tarehe, namba ya hesabu, dakika, fedha, sahihi. Kila anayepiga simu ya kazi anaandika mstari mmoja. Mkinunua yuniti kwa fedha za mradi, andikeni namba ileile nyuma ya risiti. Mkituma fedha kwa simu, iandikeni namba hiyo kando ya ujumbe wa uthibitisho mnapounakili. Mwisho wa mwezi, daftari la parokia na daftari la ofisi ya jumuiya yanasema lugha moja, na hesabu zinaunganishwa bila mabishano.

Mtume Paulo, alipopeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza sababu: hakutaka mtu apate neno la kumlaumu, na aliangalia yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Paulo hakuwa na shaka juu ya wenzake. Aliwakinga wao, na aliukinga mchango. Namba ya hesabu inafanya kazi hiyohiyo. Sekretari aliyetuhumiwa miezi mitatu mfululizo, siku daftari litakapoonyesha kwamba dakika zile zilikuwa za chanjo, atapumua.

Kamati inayotaka kuanza ijiulize mambo haya katika kikao kijacho: Ni mistari gani ya bajeti yetu inayolipa simu? Nani watakuwa wale wawili wa kusoma daftari? Namba gani za dharura zitapigwa bila kizuizi? Tutafuta mistari baada ya miezi mingapi? Majibu yakiisha kuandikwa, aitwe fundi.